Profesa Asiyejua Lugha ya Wanafunzi Wake

Katika fani ya elimu maalumu, mtu anaweza kupanda kutoka uhadhiri msaidizi hadi uprofesa wa elimu ya viziwi, akachapisha makala na kusimamia tasnifu, ilhali hawezi kuzungumza na mtoto kiziwi kwa dakika tano pasipo mkalimani. Nayasema haya nikijihesabu mwenyewe, kwa kuwa miaka yangu ya mwanzo ya kuwafundisha walimu niliipitisha hivyo hivyo, nikiiweka lugha ya alama katika fungu moja na chati, picha na visaidizi vya kusikia. Profesa wa Kifaransa asiyejua Kifaransa angechekwa. Kwa viziwi, tumelizoea.

Mazoea hayo yana chimbuko. Mwaka 1880 wataalamu wa elimu ya viziwi walikutana Milan, Italia, wakaazimia kwamba watoto viziwi wafundishwe kwa usemi wa mdomo na si kwa alama, na kati ya wajumbe 164 kiziwi alikuwa mmoja tu. Baada ya hapo walimu viziwi walipoteza nafasi zao katika shule nyingi, na watoto wakatumia miaka yao ya kujifunza hesabu na historia wakifanya mazoezi ya kutamka na kusoma midomo. Anayedhani kusoma midomo ni kazi nyepesi na asimame mbele ya kioo, atamke bila sauti maneno mama, baba na papa: midomo itafanya tendo lile lile mara tatu. Kongamano la kimataifa la elimu ya viziwi lilikuja kutamka majuto yake juu ya maazimio yale mwaka 2010, mjini Vancouver, yaani miaka 130 baadaye.

Wakati huo hoja ya kitaaluma ilikuwa imekwisha kitambo. Mwaka 1960 William Stokoe, mwalimu wa Kiingereza anayesikia katika chuo cha Gallaudet huko Marekani, alionyesha kwamba alama za viziwi hujengwa kwa vipashio vyake, yaani umbo la mkono, mahali unapowekwa na mwendo wake, kama neno linavyojengwa kwa sauti. Kamusi iliyofuata mwaka 1965 aliiandaa pamoja na Dorothy Casterline na Carl Croneberg, wote wawili viziwi, ambao wahadhiri wengi, nami nikiwamo kwa muda mrefu, huwasahau wanapoisimulia habari hiyo.

Ninapoona mjadala wetu ukipotoka zaidi ni kwenye elimu jumuishi, yaani kuwasomesha watoto wenye ulemavu pamoja na wenzao katika shule za kawaida. Tamko la Salamanca la mwaka 1994, tamko la kimataifa kuhusu elimu ya wenye mahitaji maalumu ambalo kila mtetezi wa elimu jumuishi hulinukuu, lenyewe lilikiri kwamba kwa sababu ya mahitaji yao ya mawasiliano, viziwi huenda wakafaidika zaidi katika shule maalumu, au katika madarasa na vitengo maalumu ndani ya shule za kawaida. Kifungu hicho hurukwa. Badala yake mtoto kiziwi mmoja huwekwa katikati ya darasa la wanaosikia, akapewa mkalimani ikiwa ana bahati, kisha shule ikahesabiwa kuwa jumuishi.

Tazameni siku yake inavyokwenda. Macho yake hayawezi kuwa kwenye daftari na kwenye mikono ya mkalimani kwa wakati mmoja, kwa hiyo kila anachoandika kinamgharimu kitu ambacho hakukiona. Mwalimu huzungumza akiwa ameuelekea ubao. Swali likiulizwa, mkalimani anapolimaliza, wenzake wameshanyoosha mikono na mmoja amekwisha kujibu. Wakati wa mapumziko mkalimani naye hupumzika, na utani, ugomvi na umbeya wa watoto, ambao ndio nusu ya shule, humpita.

Lakini tatizo kubwa hutangulia hata hayo. Watoto viziwi walio wengi mno huzaliwa na wazazi wanaosikia, ambao aghalabu hawajawahi kuiona lugha ya alama kwa karibu, na kwa hiyo mtoto anaweza kufika darasa la kwanza bila lugha yoyote iliyokamilika. Mkalimani hutafsiri kwa mtu mwenye lugha. Hana cha kumtafsiria asiye nayo. Lugha hujifunzwa kwa kuishi na wanaoitumia, watoto kwa watu wazima, na ndiyo maana Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006 kuhusu haki za watu wenye ulemavu unazitaka nchi zirahisishe ujifunzaji wa lugha ya alama na ziajiri walimu waliobobea katika lugha hiyo, wakiwamo walimu wenye ulemavu. Kwangu mimi, darasa lenye viziwi kadhaa na mwalimu kiziwi, hata likiwa na jengo lake peke yake, ni jumuishi kuliko dawati la upweke karibu na dirisha.

Ndiyo sababu sasa siwapitishi wanafunzi wangu wa ualimu mpaka wafanye mtihani wa lugha ya alama mbele ya mtahini kiziwi. Walinung'unika, nikaona haki ni kuanza mimi. Mtahini alinipa alama za wastani, akaeleza kwamba mikono yangu ilikuwa safi ila nyusi hazikusogea hata mara moja, hivyo kila swali nililouliza yeye alilipokea kama taarifa.