Daraja la kimbunga halipimi maji

Mwandishi mmoja anasema kimbunga kikishuka daraja, hatari ya bahari kuvamia nchi kavu nayo imeshuka. Sivyo. Daraja, la 1 hadi la 5 kwa kipimo cha Wamarekani, hupima kasi ya upepo tu; tangu 2010 wameondoa kabisa kimo cha maji kwenye kipimo hicho. Tazama pwani ya Mississippi, Marekani: kimbunga Camille cha 1969, daraja la 5, kiliinua maji mita 7.3 hivi. Katrina cha 2005 kikatua kikiwa daraja la 3, maji yakafika mita 8.5! Kilikuwa kipana mno, na bahari ya pale ni ya kina kifupi hadi mbali, kwa hiyo maji yanayosukumwa hayana pa kuteremkia. Kanieneo (mgandamizo) ya hewa ikipungua milibari 1, bahari hupanda kama sentimita 1. Kwa milibari 920 za Katrina, ilhali kawaida ni 1013 hivi, hata mita haifiki. Kilichobaki ni upepo.

Watabiri huendesha modeli za kompyuta mara nyingi, wakibadilisha njia, kasi na upana, maana kimbunga kikisogea kilomita 30 tu, mji uliokuwa kulia kwake hujikuta kushoto, ambako (kaskazini mwa ikweta) upepo hurudisha maji baharini. Hapo bado hujajumlisha bamvua, yaani maji makuu ya mwezi mpevu au mwandamo.

Na kwenye ramani ya utabiri angalia kimo cha maji kimeanza kupimwa wapi: mita 3 juu ya usawa wa bahari, kwa kiwanja kilichoinuka mita 2, ni maji ya kiunoni.