Nesi, Subiri Nivue Kondoo

Jamani, nani alipanga nje ya kliniki iwe nyuzi 29 chini ya sifuri, halafu ndani wawashe hita utadhani wanaoka mikate? Baridi ya Minneapolis, huku Marekani, mimi sina ugomvi nayo. Nywele za puani zikiganda najua ni Januari, nasonga mbele. Kinachonimaliza ni kule kuingia ndani.

Na kuvaa najua, msinifundishe. Shemeji alishanipa semina nzima: pamba marufuku, inakunywa jasho kisha inakugandisha nalo. Vaa merino, sufu laini ya kondoo. Unyuzi wake mmoja ni maikroni 18 hivi, yaani sehemu 18 za elfu za milimita, wakati unywele wa mtu hufika 70, ndiyo maana hauwashi kama yale masweta ya shule. Unafyonza unyevu karibu theluthi ya uzito wake na wewe hujisikii umeloa. Sawa. Fulana moja dola 90! Kwa hela hiyo nilitarajia na kondoo mwenyewe.

Basi leo nimeingia kliniki na heshima zangu: merino nyembamba, merino nzito yenye zipu shingoni, sweta la polista, jaketi la manyoya ya bata, koti la kuzuia upepo. Huku chini sisemi, mimi ni baba wa watu.

Nesi mwenyewe Mkenya. "Mzee, nipe mkono nipime presha."

Mkono upi? Mkono uko huko ndani! Nikavua koti. Nikavua jaketi. "Bado, mzee." Nikaanza sweta. Likafika kichwani likagoma: mbele haliendi, nyuma halirudi, giza tupu, nasikia tu sauti, "Mzee, kwani uko wapi?" Nikavuta kwa hasira. Hewa kavu, polista inasugua sufu, cheche tatatata! Nikatokea nywele zimesimama, nikamshika nesi bega nisianguke, shoti ikatupiga wote wawili. "Wuui!" Akarudi nyuma hadi ukutani.

Merino nzito ikatoka bila shida, Mungu ambariki kondoo yule. Ile nyembamba sasa, ina tundu mwisho wa mkono la kupitishia kidole gumba. Kidole kikanasa. Mimi navuta huku, nesi kule, watu kwenye benchi wamefunga simu zao wanatuangalia sisi. "Basi mzee, kunja tu." Kukunja! Ikapanda hadi kiwiko, ikajiviringisha ikawa kamba, vidole vikaanza ganzi. Mwishowe nikaivua yote nikabaki kifua wazi mbele ya wakwe wa watu.

"Presha iko juu, mzee. Una mawazo?"

"Dada yangu, ingekuwa chini ungenifunika shuka."

Nikavaa upya, moja baada ya nyingine, kwa mpangilio, jasho linatiririka. Nimefunga zipu ya mwisho, daktari akaita jina langu: "Karibu. Vua nguo nisikilize kifua."

Nimechoka. Sitanii, nimechoka. Kadi ya basi iko mfuko wa tabaka la tatu na dereva ananitazama. Msalani msiniulize. Kufua nako: maji ya baridi, usikamue, usitundike, laza juu ya taulo. Nguo ina masharti kuliko mganga! Ukishayatii yote hayo, viwavi wa nondo wanakuja kuitoboa kabatini.

Halafu mjomba wa Lushoto kaona picha yangu kwenye theluji, kaandika eti na kwao Julai baridi haichezeki, nitume fulana mbili za kondoo. Nikamwambia kondoo anao nyuma ya nyumba. Akajibu hao wa kwake wana nywele, hawana sufu, tena dume anakohoa, nitume kwanza hela ya daktari wa mifugo. Kondoo anakohoa vipi? Kuuliza tu, nimeletewa voisi ya dakika nne. Dakika tatu za mwanzo ni mjomba anamkimbiza.