Huko Ugenini, Anza na "Ila"

Msimu wa kuaga umerudi. Hapa Dodoma, kuanzia Nkuhungu hadi Kisasa, kila Jumamosi kuna turubai limefungwa na viti vimekodiwa: kijana amepata ufadhili, anakwenda kusoma nje. Shangazi ameshafunga karanga na mlenda mkavu. Kisha mjomba anasimama kutoa nasaha, na nasaha yenyewe ni neno moja: "Utazoea."

Neno hilo linaniudhi. Halimpi kijana lolote la kufanya zaidi ya kusubiri, na ugenini anayesubiri ndiye anayeumia. Baridi ina koti na njaa ina jiko. Kinachowaangusha vijana wetu ni namna tulivyolelewa kusema shida.

Sikiliza tunavyosalimiana. "Habari za nyumbani?" "Nzuri, ila mtoto amelazwa." Hata aliyefiwa huanza na "nzuri". Mzee wa Kigogo akikuambia mbukwenyi, unaitikia kwanza, shida itafuata. Kila mtu hapa anajua kwamba habari yenyewe iko nyuma ya "ila", kwa hiyo anayeuliza husimama akaisubiri. Na usipoonekana siku mbili, jirani atakuja kupiga hodi kabla hujamwita.

Ukifika Berlin au Leeds, anayekuuliza hali ameshapita kabla hujafika kwenye "ila". Mlango wako unaweza kufungwa siku nne na wa chumba cha pili asigonge, maana kwao kumwachia mtu faragha yake ndiyo adabu. Mwanafunzi wetu hajaambiwa hilo. Analala akisubiri hodi, na kila siku isipokuja anajiambia kwamba anachukiwa. Anaacha vipindi, anaacha kupika, na akiulizwa darasani anajibu "nzuri". Wenzake wanamwamini! Wanaondoka wakijua yuko salama.

Kwa hiyo anza na "ila". Kwa mhadhiri, barua pepe ya mistari minne inatosha: jina na namba ya usajili, somo, kilichokwama, ombi. "Sikuelewa sehemu ya pili ya kazi ya wiki hii. Naomba dakika 15 katika saa zako za kuonana na wanafunzi." Basi. Kosa linalojirudia ni aya mbili za kuomba radhi kwa usumbufu, halafu ombi linajificha mstari wa mwisho. Kwetu huo ni unyenyekevu. Huko msomaji hulikosa ombi, akadhani umeandika kumsalimia. Na iandike wiki ileile kazi inapokwama, kwa sababu anayeomba kuongezewa muda kabla ya tarehe ya mwisho husikilizwa kuliko anayeomba tarehe ikishapita.

Kwa daktari au mshauri wa wanafunzi, taja hesabu: "Wiki ya tatu sasa silali vizuri, nimekosa vipindi sita, nakula mara moja kwa siku." Ukisema "sijisikii vizuri kidogo" humpi cha kushika. Huzuni inayokaa karibu kutwa nzima, kila siku, kwa wiki mbili, inatosha kumpeleka mtu kwa daktari. Ukifika mahali pa kufikiria kujidhuru, usingoje miadi: katika nchi za Umoja wa Ulaya namba ya dharura ni 112. Ujerumani, ushauri nasaha wa wanafunzi hutolewa na shirika la huduma za wanafunzi, Studierendenwerk, ambalo unalichangia katika ada ya muhula. Ni haki yako, si fadhila ya mtu.

Kalervo Oberg, mwanaanthropolojia mzaliwa wa Kanada aliyewahi kufanya utafiti Ankole, Uganda, ndiye aliyelieneza jina la mshtuko wa utamaduni, yaani kuvurugwa na maisha ya ugenini usiyoyazoea. Katika hotuba aliyoitoa Rio de Janeiro mwaka 1954 alieleza ngazi zake: fungate, kuvurugwa, nafuu, kisha kuzoea. Kwa hiyo mjomba ana lake, na nakubali shingo upande: wengi huzoea. Ila uchunguzi wa baadaye umeonyesha kwamba si wote wanaozipanda ngazi hizo kwa mpangilio. Wapo wanaoumia tangu siku ya kwanza. Na hao wanaozifuata, kuvurugwa huwajia picha za theluji zikishakwisha, wakati huku nyumbani tumeshaacha kuuliza.

Anayeanza masomo Oktoba huangukia pabaya zaidi, maana kuvurugwa humkuta kwenye giza la Desemba. Dodoma, tofauti kati ya siku ndefu na siku fupi ya mwaka haifiki saa moja. Berlin, karibu na tarehe 21 Desemba, jua huchomoza kama saa 2:15 asubuhi na kuzama kabla ya saa 10 jioni. Anayeamka saa tano amebakiwa na mwanga wa saa tano tu. Toka nje asubuhi, hata dakika 30, hata kukiwa na mawingu. Mamlaka za afya za Uingereza hushauri maikrogramu 10 za vitamini D kwa siku katika miezi ya baridi, na wenye ngozi nyeusi kufikiria kuitumia mwaka mzima.

Mengine yana utaratibu wake, yafuate hata moyo ukiwa mzito. Ujerumani unasajili makazi ndani ya wiki mbili tangu uhamie; China, ukikaa nje ya hoteli, unaripoti polisi ndani ya saa 24. Nyama na maziwa ya nyumbani usibebe kwenda Ulaya, forodha watavichukua.

Nanyi wazazi mnaopiga simu kila Jumapili: Ujerumani iko nyuma yetu kwa saa mbili wakati wa baridi, kwa hiyo mkimaliza chakula cha usiku naye bado hajalala. Msimuulize "hali nzuri?", maana jibu lake mlimfundisha wenyewe. Muulizeni jana alikula nini, na alikula na nani. Alilala saa ngapi. Leo amezungumza na nani, na huyo mtu anaitwa nani. Akisita, msiujaze ukimya kwa habari za harusi ya binamu yake. Kaeni kimya na simu sikioni mpaka "ila" yake itoke.