Hela ya fidia ina mwenyewe, isichanganywe na kodi

Wandugu wa Mtwara na Lindi, habari za huko. Mi niko Minnesota, Marekani, miaka mingi sasa, na kuna jambo la hela za serikali limenikaa kooni, nalisema kwenu maana sisi wa kusini tunaujua uchungu wake.

Huku serikali ikiishtaki kampuni na kampuni ikakubali kulipa kesi iishe, hela inayoingia ni nyingi kweli. Mwaka 1998 jimbo hili lilizibana kampuni za sigara zikakubali zaidi ya dola bilioni 6 kwa miaka 25, sababu watu wanaugua na jimbo ndo linagharamia matibabu. Sehemu ikawekwa akiba kwenye mfuko maalum, faida yake ipambane na uvutaji hasa kwa vijana. Safi kabisa. Ikafika 2003 bajeti ina pengo, wanasiasa wakaukomba mfuko wote, zaidi ya dola bilioni moja, wakazibia pengo! Tena kwa sheria kabisa, waliitunga wenyewe wakaibadilisha wenyewe. Kilichopona ni asilimia 3 ya hela ya kesi, iliyopelekwa kwenye taasisi huru nje ya serikali, hiyo iliendelea kusaidia watu kuacha sigara miaka karibu 20 mbele.

Mi hapo nikaona korosho kabisa. Mnakumbuka 2018? Ushuru wa korosho ghafi zinazoenda nje, asilimia 65 ilikuwa irudi kuendeleza zao, likaja badiliko la sheria bungeni yote ikaenda Mfuko Mkuu wa Hazina, wabunge wa kusini wakapiga kelele wee na likapita. Najua ushuru sio fidia ya kesi, ila mlango wa kupotelea ni ule ule. Mjomba wangu yuko Tandahimba, msimu uliofuata mikorosho inachanua, ugonjwa wa ubwiri unga umeshapiga, maua yamekuwa kama yamenyunyiziwa unga kisha yanakauka yanapukutika, na salfa, dawa ya kupulizia ugonjwa huo, dukani bei haishikiki, akapulizia miti ya karibu na nyumba tu, mingine akaiacha. Miaka ya karibuni ruzuku ya pembejeo kama salfa imerudi na nashukuru kwa kweli, lakini aliyeirudisha anaweza kuitoa tena.

Huku walijifunza. Kwenye kesi za dawa za maumivu za opioidi, mkataba wa 2021 wa dola bilioni 26, imeandikwa ndani yake kwamba angalau asilimia 85 iende kutibu na kuzuia uraibu, na Minnesota asilimia 75 inashuka mpaka kwenye kaunti na miji. Nilikaa kikao kimoja cha kaunti, mama aliyefiwa na kijana wake anamuuliza ofisa hela ya soba hausi iko wapi, ofisa anafungua karatasi anamsomea mstari mmoja mmoja mpaka mama akaridhika, nikasema mwenyewe hii ndo naitaka kwetu.

Na kwetu inawezekana jamani, chenji ya rada si tuliiona, ile hela tuliyorudishiwa baada ya kuuziwa rada kwa bei ya kuruka? Kampuni ya BAE ya Uingereza iliyotuuzia ililipa pauni milioni 29.5 mwaka 2012, zikaenda kwenye vitabu na madawati ya shule za msingi, sababu matumizi yalikubaliwa kabla hela haijatua.

Wapo watakaosema Hazina lazima iwe huru, dharura zikija itoe wapi. Sawa, ikope kwenye huo mfuko kwa maandishi na tarehe ya kurudisha, kama mtu yeyote anavyokopa. Aliyeumia asigeuzwe mchangiaji wa pengo la bajeti.

Sasa mradi wa LNG, yaani gesi asilia ya kimiminika, wa Likong'o kule Lindi unazungumzwa, gesi ya Mnazi Bay na Songosongo ipo, na penye kampuni kubwa migogoro haikosi. Wabunge wetu mnaokwenda Dodoma, pelekeni kifungu mapema: fidia yoyote ya madhara yaliyotokea huku iingie akaunti ya peke yake, bodi iwe na wanakijiji wenye kura sio wa kukaa tu, hesabu zibandikwe ofisi ya kijiji, na kubadilisha matumizi ihitaji kibali cha mahakama, sio muswada wa usiku mmoja.