Tatizo ni bunduki au ni woga? Nimeangalia Bowling for Columbine

Mwalimu alituwekea Bowling for Columbine, ile dokumentari ya Michael Moore ya 2002 iliyochukua Oscar mwaka uliofuata, na darasa zima likagawanyika. Kuna wanaosema shida ya Marekani ni bunduki basi, na kuna wanaosema Moore ashamaliza kazi, shida ni woga. Mi naona kwenye woga kapatia sana, ila bunduki zenyewe kaziachia zipite kirahisi mno.

Kwa ambaye hajaiona, inahusu shambulio la Aprili 20, 1999 kwenye shule ya Columbine huko Colorado, wanafunzi wawili waliingia na silaha wakaua wenzao 12 na mwalimu mmoja halafu wakajiua. Moore anauliza mbona Canada nako kuna bunduki nyingi, anataja milioni 7, vijana wanaangalia filamu zilezile, lakini watu hawauani vile? Jibu lake ni kwamba Mmarekani anatishwa kuanzia asubuhi mpaka usiku, miaka ya 90 mauaji yalikuwa yanapungua huku habari za mauaji kwenye TV zikizidi kuongezeka, na anayeoneshwa kama hatari mara nyingi ni mtu mweusi. Kuna sehemu anazunguka Toronto anasukuma milango ya nyumba za watu asiowajua, na inafunguka tu, haijafungwa. Hiyo ilinikaa kichwani kweli, na nadhani ndo iliyowateka wenzangu wengi.

Sasa ngoja. Anatupa idadi, watu 11,127 waliuawa kwa bunduki Marekani kwa mwaka na Canada 165, bila kusema Marekani ina watu kama mara tisa ya Canada. Nimezidisha mwenyewe, hiyo 165 mara tisa inakaribia 1,500, kwa hiyo pengo bado lipo na ni kubwa, hoja yake haifi, lakini si kubwa kama linavyoonekana kwenye skrini, na sioni kwa nini asingetuambia tu. Halafu zile bunduki za Canada nyingi ni ndefu, za kuwindia. Bastola kule zimebanwa miaka mingi sana, kuzisajili ni lazima tangu 1934, wakati Marekani bastola ndiyo inayoua watu wengi zaidi kuliko aina nyingine yoyote ya bunduki. Yaani Canada anayoileta kama ushahidi kwamba silaha siyo tatizo, ukiiangalia vizuri inasema kitu kingine.

Wale wanaosema shida ni bunduki na dawa ni sheria nao wasishangilie mapema. Columbine ilitokea wakati sheria ya 1994 ya kupiga marufuku baadhi ya bunduki za kivita iko hai kabisa na haikusaidia. Bunduki tatu kati ya nne walizotumia wale vijana zilinunuliwa na rafiki yao wa miaka 18 kwenye maonyesho ya bunduki, kwa wauzaji binafsi, hakuna aliyechunguza rekodi ya mtu. Mwaka 2000 wapiga kura wa Colorado wakaliziba tundu hilo, karibu asilimia 70 walikubali, na hapa ndo naona Moore kaachia kitu muhimu, maana watu wale nao walikuwa na hofu, hofu ya watoto wao kuuawa shuleni, na ikawapeleka kwenye sanduku la kura badala ya duka la silaha.

Kuna jambo lingine linaniuma na dokumentari inalipita haraka. Mwaka 2021 bunduki ziliua zaidi ya watu 48,000 Marekani na zaidi ya nusu walijiua wenyewe. Mtu anayejiua hamuogopi jirani wala mwizi. Lakini ile bastola iliyopo kabatini huenda ilinunuliwa kwa kumuogopa mwizi, kwa hiyo woga unaileta nyumbani halafu inakaa pale miaka, inamsubiri mwenye nyumba siku amekata tamaa, au mtoto wake. Ukinambia nichague kimoja kati ya woga na silaha siwezi, ila silaha unaweza kuitungia sheria, woga sijui utautungia sheria gani.

Na Moore mwenyewe anatumia woga bwana, zile picha za kamera za kantini ya shule zikiwa na sauti za watu wakipiga simu kuomba msaada, nilitetemeka.

Halafu angalieni sehemu ambayo kitu kinabadilika kweli. Anawapeleka vijana wawili walionusurika, miilini bado wana risasi za Columbine, mpaka makao makuu ya Kmart, kampuni iliyouza zile risasi, na baada ya kung'ang'ania kampuni inatangaza itaacha kuuza risasi za bastola ndani ya siku 90. Hapo hakuna aliyepunguziwa woga, kilichoondolewa dukani ni risasi, na wale wa upande wa woga ningependa wanijibu hiyo kwanza.