Ya Mzazi Hayaishi kwa Kukandwa

Watu wa Lamu wanajua kumtunza mzazi. Mwanamke akijifungua, awe Mkomani, Langoni au kule Shela, nyumba nzima humgeukia yeye. Shangazi huhamia na mkeka wake. Maji ya kukandia huwekwa motoni toka alfajiri. Ya kufungia tumbo hutafutwa leso kuukuu, ile iliyofuliwa mpaka ikalainika, kwa sababu leso mpya huteleza na kuchubua. Uji wa pilipili manga haukatiki. Mtoto huadhiniwa, hutiwa wanja, na siku ya saba hufanyiwa akika. Mimi nimekandwa hivyo na mama yangu mkubwa, na mpaka leo namwombea dua kwa ajili ya mikono yake.

Ninachogomba nacho ni kwamba utunzaji wetu unaishia kwenye ngozi. Mgongo wa mzazi una mtu wa kuuchua. Ibada yake na moyo wake tumeziachia maneno ya kuokotwa.

Tuchukue sala. Wengi wetu tumekua tukiamini kuwa mzazi hasali mpaka arubaini itoke, hata damu ikikatika mapema. Sisi hapa ni watu wa Imamu Shafii, na madhehebu yetu yako wazi: nifasi, yaani damu ya baada ya kuzaa, haina uchache wake, inaweza kuwa tone moja tu ikakoma. Ada yake ni siku 40, na ukomo wake ni siku 60. Kinachotazamwa ni damu. Ikikatika siku ya 20, mwanamke anakoga, anasali, na kama ni Ramadhani anafunga. Kukaa ndani siku arubaini ni mila yetu, nami naipenda na sitaki ife. Lakini mila ya kupumzika haiwezi kumzuilia mtu sala.

Kwenye darsa moja ya wanawake hapa mjini, msichana mwenye mtoto wa kwanza aliinua mkono nusu akauliza: damu imekatika siku ya kumi na nane, mama mkwe kamwambia asiguse msala, afanyeje? Wazee wawili wakamjibu kwa pamoja kwamba angoje. Mwalimu, mama mtu mzima, alifunga kitabu akasema, "Mwanangu, oga usali. Na mama mkwe wako mwambie kwa adabu kuwa mimi ndiye niliyekwambia." Yule binti alilia pale pale. Alikuwa na hamu ya kusujudu, na siku zote hizo kumbe mlango ulikuwa wazi. Nawaza ni wangapi ambao hawakuinua mkono.

Na hilo la sala ni jepesi ukililinganisha na la moyo. Kuna mzazi ambaye mtoto wake mzima, maziwa yanatoka, mume hana neno, na bado watu wakitoka chumbani anageukia ukutani akalia. Hali chakula. Usiku mtoto amelala, yeye yuko macho. Akithubutu kusema, ataambiwa ana upungufu wa imani, au amepigwa jicho, au avumilie, ndiyo ndia ya wanawake wote. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa katika wanawake 100 waliojifungua karibuni, 13 hivi hupatwa na maradhi ya akili, hasa sonona, na katika nchi zinazoendelea wanakaribia 20. Maana yake katika kila wazazi watano wa hapa kwetu huenda mmoja anaumwa, na sisi tunampa uji. Mimi naamini kisomo na nasomewa, lakini Mtume, rehema na amani zimshukie, alituamrisha pia tutafute tiba. Kumpeleka mzazi kwa daktari hakumtoi kwenye dini.

Wanaosema kwamba muumini hasikitiki baada ya kuzaa warudi kwenye Suratu Maryam. Maryamu, mwanamke pekee aliyetajwa kwa jina lake katika Kur'ani, uchungu ulimpeleka kwenye shina la mtende akasema laiti angekufa kabla ya hayo na akasahauliwa kabisa. Na nani ana imani kumshinda Maryamu? Hakukaripiwa. Aliambiwa asihuzunike, akaonyeshwa kijito cha maji chini yake, akaambiwa atikise mtende apate tende mbivu, ale, anywe, jicho lake litulie. Kisha akaamrishwa, akiona mtu, aseme ameweka nadhiri ya kutosema na mtu siku hiyo. Hapo ndipo ninaposimama kila nikisoma. Mola alimpa chakula, maji na maneno ya faraja, halafu akamwondolea mzigo wa kujieleza kwa watu. Sisi tunampa chakula, kisha tunajaza chumba wageni wanaouliza mbona hacheki.

Kwenye Ramadhani nako tunadhulumiana kwa kutojua. Mjamzito na anayenyonyesha wana ruhusa ya kutofunga wakihofia madhara. Aliyehofia nafsi yake, au nafsi yake pamoja na mtoto, analipa siku zake tu. Aliyehofia mtoto peke yake, kwetu Mashafii, analipa siku na kutoa kibaba cha chakula kwa kila siku. Ni ruhusa ya sheria kabisa. Lakini nimeona mwanamke mwenye mimba kubwa akinywa maji chooni kama mwizi, ili wifi zake wasimwone.

Naona chanzo cha yote haya ni kwamba mwanamke akishazaa tunamwita mama fulani na tunaacha kumuuliza lolote lisilohusu huyo fulani. Kur'ani haikumfanya hivyo. Aya ya 233 ya Suratul Baqara, inayotaja kunyonyesha miaka miwili kamili, inamtwika baba chakula na mavazi ya mama kwa wema, inakataza mama kutiwa tabuni kwa sababu ya mwanawe, na inasema wazazi wakitaka kumwachisha mtoto mapema, iwe kwa kuridhiana na kushauriana. Kushauriana! Hata la ziwa, mama ana kauli yake.

Na kwetu si jambo geni mama kuwa na elimu. Mwana Kupona binti Msham, mwanamke wa Pate, alikuwa mgonjwa mwaka 1858 alipomtaka binti yake achukue wino na karatasi, akamtungia utenzi. Wengi husikia humo utiifu kwa mume tu. Mimi namwona mama anayeijua dini yake vya kutosha kuifundisha kwa kauli yake mwenyewe, wala hakungoja mwanaume amsemee.

Hadithi sahihi inasimulia kuwa Mtume alikuwa akiingia kwenye sala akitaka kuirefusha, akisikia mtoto analia huifupisha, kwa kujua mama yake anavyotaabika. Watoto wachanga na mama zao walikuwa ndani ya msikiti ule, na imamu aliwasikiliza. Kwa hiyo naomba walimu wetu wa kike, kabla Ramadhani haijaingia, wawaitishe wajawazito na wanaonyonyesha darsa yao peke yao, waje na watoto, walie watakavyo, na swali la damu liulizwe kwa sauti. Na walimu wa vyuo vya Kur'ani wawafundishe vijana wa kiume hukumu za nifasi kabla hawajaoa, maana ndio watakaokuwa chumbani mama mkwe akisema ngoja.