Bandari ya Mbegani na ukomo wa urais

Ukitaka kumtetea Rais aongezewe muda, Bagamoyo hukosi mfano: bandari ya Mbegani. Makubaliano ya awali yalitiwa saini 2013, na Oktoba 2015 Jakaya Kikwete, mzaliwa wa Msoga wilayani humo humo, akaweka jiwe la msingi, wiki chache tu kabla ya kukabidhi nchi. Mwaka 2019 mradi ukasimamishwa. Angepewa miaka mitano mingine, wanasema wengi, leo meli zingekuwa zinatia nanga.

Si hoja ya kubeza. Bandari haijengwi kwa kufuata kalenda ya uchaguzi, na mpiga kura aliyeridhika na mtu wake ana haki ya kuuliza anazuiwa kwa lipi. Ila Mbegani ni shahidi wa pande zote mbili. John Magufuli alilalamikia masharti: ardhi kwa miaka 99, dhamana kwa mwekezaji miaka 33. Chama kilikuwa kile kile. Macho yaliyousoma mkataba ndiyo yalikuwa mapya. Aliyeweka jiwe la msingi angeurudia kwa ukali huo? Sidhani.

Kufuli lenyewe ni jepesi kuliko tunavyodhani. Ibara ya 40 ya Katiba inakataza mtu kuchaguliwa kuwa Rais zaidi ya mara mbili. Kuibadili, kwa ibara ya 98, ni theluthi mbili ya wabunge wote. Ipo orodha ya mambo mazito zaidi, kwa mfano madaraka ya Serikali ya Zanzibar, yanayotaka theluthi mbili ya wabunge wa kila upande wa Muungano. Ukomo wa Rais haukutajwa katika orodha hiyo. Wala kura ya maoni hailazimiki.

Na mjanja haigusi ibara ya 40. Anagusa hesabu. Mwaka 2017 mbunge wa Chemba, Juma Nkamia, alitaka kipindi kiwe miaka saba badala ya mitano: mara mbili zinabaki mbili, lakini kumi inageuka 14. Magufuli mwenyewe alikataa, Januari 2018. Burundi walipitisha saba mwaka huo huo kwa kura ya maoni. Guinea, Rais Alpha Condé alipata katiba mpya 2020, akagombea mara ya tatu kwa madai kwamba hesabu imeanza upya. Septemba 2021 akapinduliwa na jeshi.

Kwa hiyo rasimu yoyote ya katiba ikiletwa, anza nyuma, kwenye masharti ya mpito. Tafuta sentensi mbili: kwamba vipindi vilivyokwisha kutumikiwa vinahesabiwa, na kwamba nyongeza ya muda haimhusu aliyeko madarakani siku inapopitishwa. Mtetezi wa haki ya mpiga kura aombwe aziunge mkono zote mbili.